Taa ya chaja inapopepesa: kisa cha laptopu ya zamani iliyogoma kuwaka

Mashine yenyewe ni laptopu ya kiofisi ya kizazi cha tatu cha prosesa za Intel Core, zile zilizoingia sokoni mwaka 2012. Ilifika kwenye meza yetu Kariakoo ikiwa imezima jumla: ukichomeka chaja hakuna taa, ukibonyeza kitufe hakuna feni, hakuna mlio, hakuna lolote. Mwenye nayo ni mwalimu wa sekondari kutoka Mbagala, mtu mzima anayekaribia kustaafu. Ndani yake kulikuwa na alama za wanafunzi, maandalio ya masomo ya miaka mingi, na picha za harusi ya binti yake ambazo hazikuwa na nakala popote.

Ilikuwa imeshapita mkono mwingine. Fundi wa kwanza alichomeka chaja, akaona kimya, akatoa hukumu palepale: mazabodi, yaani bodi kuu, imekufa, chipu ya grafiki inayotengeneza picha za kioo imelegea, ichomwe kwa bloa ya hewa moto huenda ikarudi, na malipo yatangulie. Mwalimu aliomba akafikirie, akaondoka nayo.

Nakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu hukumu ya namna ile inawaumiza watu. Laptopu nyingi tunazotumia mjini hapa zimenunuliwa zikiwa zimeshatumika, na mwenye nayo hana ya pili. Akiambiwa mazabodi imekufa, anaiuza kwa bei ya spea au anaisukumia chini ya kitanda, na kazi zake zote zinakwenda nayo. Wakati huo hakuna aliyegusa mazabodi hiyo na mita hata mara moja.

Mteja akisema mashine haiwaki, kwanza inabidi ujue inafika wapi kabla ya kugoma. Kuna inayowasha taa na kuzungusha feni lakini kioo kinabaki cheusi. Hiyo umeme inao, na tatizo linatafutwa kwenye ramu, kioo chenyewe, prosesa au grafiki. Mara nyingi ramu ikichomolewa, meno yake yakasafishwa na kurudishwa vizuri, kazi imekwisha. Kuna inayowaka sekunde chache kisha ikajizima. Hapo unaangalia joto, feni, au njia mojawapo ya umeme inayoshindwa kubeba mzigo. Na kuna hii ya mwalimu, ambayo haionyeshi dalili yoyote ya uhai. Katika hali hii chipu ya grafiki haijafikiwa kabisa. Umeme wa grafiki huja mwishoni mwa mlolongo, baada ya kitufe kubonyezwa na baada ya njia kadhaa kutangulia kuamka. Kuichoma moto chipu ambayo zamu yake haijafika ni kuongeza ugonjwa juu ya ugonjwa: joto linapinda bodi, linalegeza vipande vya jirani, na likileta nafuu yoyote huwa ni ya muda mfupi.

Kwa hiyo tulianza na maswali.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa hii haiponi."

"Tutaiangalia kwanza. Mara ya mwisho iliwaka lini?"

"Usiku nilikuwa najaza alama. Umeme ukakatika, ukarudi kwa kishindo. Asubuhi nikaitia kwenye begi, nikapanda daladala. Kufika shuleni, kimya. Umeme ule ndio umeiua."

"Umeme uliporudi usiku ule, uliendelea kuitumia?"

"Niliendelea. Nilimaliza darasa zima, nikazima mwenyewe nikalala."

"Na chaja ni hii ya siku zote?"

"Ndiyo hiyo. Ila ina kitu: taa yake hapa kwenye kiboksi inawaka vizuri, lakini nikiichomeka kwenye kompyuta inaanza kupepesa."

Majibu mawili ya mwisho yana thamani kuliko nusu ya vifaa vilivyopo mezani. La kwanza linasema mashine ilifanya kazi kwa saa kadhaa baada ya umeme kurudi, ikazimwa ikiwa nzima. La pili linasema chaja inatoa umeme wake vizuri mpaka inapokutana na laptopu, kisha kuna kitu kinaivuta kupita uwezo wake nayo inajikinga. Chaja hizi zimeundwa hivyo: zikiona upande wa pili kuna shoti, zinakata, zinajaribu tena, zinakata tena. Taa inayopepesa ni chaja inayojaribu.

Kabla ya kufungua bodi tulitoa diski. Hili nalisisitiza kwa kila mtu, fundi na asiye fundi. Kwenye laptopu za umri huu diski ya inchi 2.5 mara nyingi hukaa chini ya kifuniko kidogo chenye skrubu moja au mbili. Ukishaitoa unaiweka kwenye kikasha cha USB, unaichomeka kwenye kompyuta nyingine na kunakili mafaili. Diski haikuwa imefungwa kwa usimbaji, ule unaoficha mafaili mpaka uweke ufunguo, kwa hiyo ilifunguka mara moja. Ingekuwa imefungwa, tungehitaji ufunguo wa kuirejesha ambao mwenye mashine alipaswa kuuhifadhi. Mwalimu aliona folda ya harusi ikifunguka na mabega yake yakashuka. Kuanzia hapo, hata bodi ingetushinda, alichokuwa anakiogopa zaidi kilikuwa kimeshapita.

Jaribio la bure nalo halirukwi: toa betri, chomoa chaja, bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishikilie kwa sekunde 30, rudisha chaja peke yake, jaribu. Kitendo hiki kinamaliza chaji iliyobaki kwenye kapasita, vile vipande vya bodi vinavyotunza chaji kwa muda, na kinaipa chipu inayosimamia umeme nafasi ya kuanza upya kama ilikuwa imeganda. Laptopu za zamani zenye betri ya kuchomoa huamka kwa njia hii mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Hii haikuamka.

Chaja tuliipima. Lebo ilisema volti 19.5 na ampea 4.62, yaani wati 90, na mita ikasoma 19.6 ikiwa haina mzigo. Kipimo hicho peke yake hakitoshi, kwa sababu chaja iliyochoka inaweza kuonyesha volti kamili ikiwa haijabeba kitu, kisha ikaanguka ikipewa kazi. Tuliichomeka kwenye laptopu nyingine ya aina ileile. Ikawasha na kuchaji. Niongeze hapa jambo linalowachanganya wengi: chaja za Dell, na zile za HP zenye kichwa kinene, zina pini nyembamba katikati ya kichwa. Pini hiyo haibebi umeme wa kuendeshea mashine. Kazi yake ni kuitambulisha chaja. Kwenye Dell, ikivunjika, laptopu kwa kawaida bado inawaka, ila inakataa kuchaji betri na kupunguza kasi ya prosesa. Pini iliyovunjika haielezi mashine iliyozima jumla.

Kufuata njia ya umeme

Tuliivua mashine mpaka ikabaki bodi tupu: betri, ramu, kadi ya waifai, kisomeo cha DVD, kibodi, vyote pembeni. Taa ya chaja bado ilipepesa. Kisha tukachomoa ule waya mfupi unaotoka kwenye tundu la chaja kwenda kwenye bodi, tukachomeka chaja kwenye tundu peke yake. Taa ikatulia. Tundu na waya wake wako salama. Shoti iko kwenye bodi.

Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa, na ndipo kazi yenyewe inapoanza kuwa na raha. Umeme wa chaja ukiingia kwenye bodi hauendi ovyo. Unapita fyuzi, halafu mosfeti mbili zinazofanya kazi ya mlango, halafu resista nyembamba sana inayotumika kupima ni ampea ngapi zinapita, na baada ya hapo unamwagika kwenye njia kuu. Njia kuu inagusa karibu kila pembe ya bodi, kwa sababu kila tawi linachota humo: tawi la volti 3.3 na 5 ambalo huamka kwanza, tawi la ramu lenye volti 1.5, tawi la prosesa lenye takribani volti 1, na tawi la kuchaji betri. Ni kama bomba kuu la maji la mtaa: likipasuka mahali pamoja, nyumba zote zinakauka hata kama mabomba yao ni mazima.

Tulichomoa kila chanzo cha umeme, tukaweka mita kwenye omu, kipimo cha ukinzani ambacho kikikaribia sifuri maana yake umeme unapita bila kizuizi, waya mweusi kwenye upande hasi wa bodi. Fyuzi ilikuwa nzima. Kabla ya mosfeti za mlango, mita ilisoma mamia ya kilo-omu, kama inavyotakiwa. Baada ya mosfeti, kwenye njia kuu, ilisoma omu 0.5. Nyaya za mita zenyewe zina 0.2, kwa hiyo kati ya njia kuu na upande hasi palibaki kama 0.3. Hiyo ni shoti halisi, haihitaji mabishano.

Swali likawa shoti hiyo ni ya nani. Wanaoweza kushtakiwa ni wengi. Kwanza ni kapasita za kauri, vipande vidogo vya rangi ya udongo vilivyotapakaa kwenye njia kuu. Pili ni ile inayoitwa mosfeti ya juu ya tawi lolote, swichi inayoruhusu umeme wa njia kuu kuingia kwenye tawi hilo. Tatu ni chipu ya kuchaji. Mosfeti ndiyo ya kuogopa, na inabidi itolewe kwenye orodha kabla ya kufanya lolote lingine. Mosfeti ya juu ya prosesa ikiwa imeungana moja kwa moja, basi umeme wowote unaouingiza kwenye njia kuu unakwenda kwenye prosesa bila kizuizi, na prosesa iliyozoea volti 1 ikionjeshwa 19 haiponi.

Tulipima kila koili ya bodi, ule waya uliosokotwa ambao umeme wa tawi hupitia baada ya mosfeti zake, kwa upande hasi. Koili za volti 3.3 na 5 zilisoma juu, vizuri. Koili za prosesa zilisoma omu chache tu, na ni hapa ambapo mafundi wanaoanza hushangilia kwamba wameipata shoti. Hawajaipata. Prosesa ina saketi nyingi mno ndani yake na kwa asili inasoma chini. Omu chache kwenye koili yake ni afya. Halafu tukapima kati ya njia kuu na kila koili. Hakuna iliyosoma sifuri. Mosfeti za juu ziko salama, na tunaweza kuingiza umeme.

Tulitumia pawa saplai ya mezani, ile ambayo unachagua volti na kuwekea ampea kikomo. Tuliweka volti 1, ampea tukaanza nazo chini na kupandisha taratibu. Volti 1 si namba ya kubahatisha: njia kuu imezoea 19, kwa hiyo 1 haiwezi kuidhuru, na hata kama kipimo chetu cha mosfeti kingekuwa kimetudanganya, prosesa ingepokea kiasi ilichokizoea. Wapo wanaoingiza volti 19 moja kwa moja ili kitu kiungue na kutoa moshi. Ni njia ya haraka, na siipendi. Inaweza kutoboa tabaka za bodi, na bodi iliyotobolewa tabaka za ndani ndiyo iliyokufa kweli.

Kwenye omu 0.3, volti 1 inasukuma kama ampea 3, na joto lote linazaliwa pale penye shoti. Tulipaka spiriti safi kwa brashi juu ya bodi na kuangalia. Kwenye kapasita moja karibu na tundu la skrubu, upande wa feni, spiriti ilikauka wakati pengine pote bado pametota. Tukapaka tena, ikakauka palepale. Kidole kilithibitisha. Chini ya lenzi kapasita hiyo ilikuwa na ufa mwembamba umekatisha kona.

Tuliiondoa kwa bloa na kibano. Mita kwenye njia kuu ikapanda hadi mamia ya kilo-omu.

Nani aliyeiua

Mwalimu alikuwa na uhakika ni umeme. Ni imani ya mjini mzima, na ina sababu zake. Umeme ukirudi kwa kishindo huchoma vitu, na nitaendelea kumshauri kila mtu achomoe chaja unapokatika mpaka utakaporudi na kutulia. Lakini kwenye kisa hiki ushahidi hauelekei huko. Umeme wa ukutani ni volti 230, na wa kwanza kupigwa nao ni chaja. Laptopu inapata kile tu ambacho chaja imekwishakigeuza. Chaja hii ilikuwa nzima. Fyuzi ya kwenye bodi ilikuwa nzima. Mosfeti za mlango, zinazopokea mshtuko kabla ya kapasita ile, zilikuwa nzima. Na mashine ilifanya kazi mpaka alipoizima mwenyewe.

Kilichotokea, kwa maoni yangu, kiko kati ya usiku na asubuhi: begi na daladala. Kapasita za kauri ni ngumu lakini hazipindiki. Bodi ikipinda kidogo, hasa karibu na skrubu inapobanwa, mkazo unaishia kwenye kona ya kapasita na kufungua ufa ambao jicho halioni. Ufa wenyewe hauzimi mashine siku hiyohiyo lazima. Unaweza kukaa muda mrefu, unyevu ukaingia, na sisi wa pwani unyevu tunao mwaka mzima, seuze masika. Ndani ya kapasita kuna tabaka nyingi za metali zilizotenganishwa na kauri nyembamba. Unyevu na volti vikikutana ndani ya ufa, tabaka hugusana na shoti inazaliwa. Mgandamizo wa asubuhi ile ndani ya daladala iliyojaa unatosha kumalizia kilichoanza zamani. Upande wa chini wa mashine, jirani na skrubu ileile, plastiki ilikuwa imepasuka, na mwalimu akakumbuka iliwahi kuanguka kutoka mezani ofisini.

Nilimweleza hivyo kwa sababu jibu linabadilisha anachopaswa kufanya. Angeondoka akiamini ni umeme, angenunua stabilaiza na kuendelea kuibana mashine kati ya vitabu kwenye begi laini.

Kurudisha

Bodi ingeweza kuwaka bila kapasita ile, kwani kwenye njia kuu zipo kadhaa zinazosaidiana. Kuiacha pengo kwa jaribio ni sawa. Kuiacha hivyo moja kwa moja sikubaliani nako, maana zilizobaki zinabeba mzigo wa mwenzao. Ila kuna mtego kwenye kuibadilisha: kapasita hizi hazina maandishi. Ya maikrofaradi 10 inayostahimili volti 25 na ya maikrofaradi 10 inayostahimili volti 6.3 zinaweza kufanana kabisa kwa macho. Ukichukua ya pili kutoka kwenye tawi la prosesa la bodi mbovu na kuiweka kwenye njia ya volti 19, umetega shoti nyingine. Tulichukua kutoka kwenye bodi ya spea, kwenye njia kuu yake, mahali ambapo ilikuwa inabeba volti zilezile, tukaipima kwanza, tukaichomea kwa risasi mpya.

Hatukurudisha chaja mara moja. Tulitumia pawa saplai kwa volti 19.5, kikomo ampea 1, tukatazama. Ilivuta kiasi kidogo sana, kama bodi inayosubiri. Tukarudisha ramu na feni, tukapandisha kikomo, tukabonyeza kitufe. Ampea zikapanda, zikashuka, zikapanda tena, feni ikazunguka. Mpandoshuko huo ni mashine ikiamka tawi baada ya tawi. Ingepanda na kukwama mahali pamoja, tungejua bado kuna kitu. Kioo kikaleta maandishi ya kulalamika kuhusu tarehe.

Tarehe ilikuwa imerudi miaka nyuma, kwa sababu betri ya saa, ile CR2032 ya duara, ilisoma volti 2.1 badala ya 3. Hiyo haikuwa chanzo cha mashine kuzima, lakini tarehe ikiwa mbovu tovuti nyingi hukataa kufunguka, kwa kuwa vyeti vya usalama vinaonekana havijaanza kutumika au vimekwisha muda. Tukaibadilisha. Feni ilikuwa imejaa vumbi na pesti ya kupoozea prosesa ilikuwa imekauka na kuwa unga. Vyote vikasafishwa na kuwekwa upya.

Betri kubwa ni habari nyingine. Tulirudisha diski, Windows ikawaka, tukaendesha amri ya powercfg /batteryreport, ambayo huandika ripoti ya uwezo wa betri ilipokuwa mpya na uwezo wake wa sasa. Ilikuwa imebakiwa na chini ya theluthi moja. Haikuwa imevimba, ingekuwa imevimba nisingeirudisha mle ndani hata kwa dakika moja, na nisingemruhusu mtu aibonyeze wala kuitoboa.

Mwalimu alikuja na binti yake, yule wa kwenye picha. Nilimwonyesha kapasita ya zamani kwenye kipande cha gundi ya karatasi, ndogo kuliko punje ya mchele, na karatasi yenye vipimo vyote, ili siku ikirudi kwa fundi yeyote asianze na kubahatisha. Alinunua begi lenye kuta ngumu. Mafaili yake sasa yako kwenye diski ya nje inayobaki nyumbani. Betri mpya alisema itasubiri mwisho wa mwezi, kwa hiyo kwa sasa anategemea chaja, na tumekubaliana awe anahifadhi kazi kila baada ya mwanafunzi mmoja, maana betri ile haitampa muda mrefu umeme ukikatika.